Meno ya Nailoni

Nilikuwa wa kwanza Vihingo kusoma ng'ambo, na stashahada niliyorudi nayo niliipata kwa jasho langu mwenyewe. Nilimkuta binti yangu mchanga ana vidonda ufizini. Alikuwa ameharisha, mama yangu akampeleka kwa mganga, naye akamchimbua chonge changa kwa spoku ya baiskeli.

“Mama, yale yalikuwa meno yake!”

“Meno gani? Ya nailoni yale, ndiyo yanayoharisha na kuua watoto. Au hiyo stashahada yako inanyonyesha?”

Mtoto akapona, mama yangu akapata sifa. Miaka ikapita, chonge hazikuota, hata za ukubwani. Nilimweleza binti yangu kilichomtia mapengo. Siku mdogo wake alipoharisha, binti yangu huyo huyo alinililia: “Baba, mpeleke kwa mganga wa bibi, asije akafa.”