Tuliitune turbo Songea, ikafia mlima wa Mbamba Bay: geji sikuiona vizuri

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi. Shule yangu ni ya msingi tu, kwa hiyo nikikosea kitaalamu mnisahihishe. Chumvi sitaongeza. Nisichokijua nitasema sikijui, na hicho nisichokijua ndicho kilicholeta shida yote.

Niko Songea, nauza saruji na nondo. Nilinunua gari la turbo kwa mtu wa Dar. Gari tamu, ila huku kwetu juu lilikuwa linatoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama limetumwa.

Nikalipeleka kwa fundi ambaye nitamwita Zeno (si jina lake). Kwa ninavyojua mimi, mjini hapa tuning ya turbo, yaani kupanga petroli na hewa kwa laptop, alikuwa anafanya yeye tu.

Kwa wasiojua: injini inachoma hewa na petroli kwa uwiano. Petroli ikizidi wanasema rich, ndiyo moshi mweusi ule. Hewa ikizidi wanasema lean, na mle ndani mnakuwa na moto mkali. Turbo, inayosukumia injini hewa ya ziada, ukiikanyaga mlimani unataka petroli izidi kidogo, maana ndiyo inayopoza.

Zeno alinifungia geji ya kusoma uwiano huo; namba ikipanda, hewa inazidi. Akaniambia mlimani nikiona kumi na moja niimbe, nikiona kumi na tatu nitoe mguu.

Tuliipima barabara ya Peramiho, asubuhi, baridi ile ya Juni. Mimi naendesha, yeye kando na laptop mapajani.

Ana desturi yake. Kabla hajakuruhusu kukanyaga mpaka mwisho, anapiga ishara ya msalaba.

"Fundi, unabariki au unazika?" nikamtania.

"Nabariki mguu wako, mlongo. Injini naijua, mguu wako siujui. Haya, kanyaga!" (Mlongo kwetu ni ndugu.)

Gari likachomoka. Geji kumi na moja na kitu, haitikisiki. Moshi kwisha. Zeno akawa anaipigapiga dashibodi kama mtu anayesifia ng'ombe wake.

Baada ya wiki chache nikaenda Mbamba Bay na mke wangu, kwenye komunyo ya mtoto wa dada yake. Kule ni chini, ziwani, joto. Nikajaza mafuta hukohuko. Kituo sikitaji, sina ushahidi nacho.

Kurudi, kwenye ule mlima wa kona kona, mbele yetu lori linatambaa. Nikakanyaga nilipite.

Nikasikia sauti kama bisi zinaanza kupasuka kwenye sufuria.

"Baba Noela, hiyo ni nini?" mke wangu akauliza.

Nikatupa jicho kwenye geji. Jua lilikuwa limepiga kwenye kioo chake. Niliona moja ya mbele. Tarakimu ya pili sikuiona.

Nikatoa mguu. Nimechelewa au nimewahi, sijui. Mlio mmoja, moshi wa bluu, gari likazima. Tulivutwa mpaka Songea.

Zeno akafungua injini. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Akaigeuzageuza mkononi, gereji nzima imesimama inamwangalia.

"Hii nimeiua mimi," akasema kwa sauti. "Niliipima huku juu kwenye baridi. Kule chini hewa ni nzito na kuna joto. Turbo inajaza hewa zaidi, petroli haitoshi."

Nikamwambia asikimbilie kujihukumu, huenda ni mafuta niliyojaza, huenda ni mguu wangu. Akakubali kwamba petroli mbovu nayo inatoboa hivyohivyo.

Kisha akanivuta nyuma ya gari.

"Mlongo, mwenye geji ulikuwa wewe. Ilisoma ngapi?"

Wakuu, hapa naomba mpaelewe. Kama ilikuwa kumi na moja, kazi yake ilikuwa safi na lawama inahamia kwenye mafuta. Kama ilikuwa kumi na tatu, ni tuning. Rekodi hakuna, laptop ilibaki kwake. Shahidi ni mimi peke yangu, maana mke wangu geji haijui.

"Sikuiona vizuri, fundi. Niliona moja ya mbele tu."

Akanitazama. "Sawa. Afadhali hujanidanganya."

Lakini uso ule, kama niliusoma sawasawa, ulikuwa wa mtu aliyetamani nimdanganye.

Habari ikaingia kwenye group la wenye magari kwamba Zeno kaua injini. Nikaandika kwamba hakuna mwenye uhakika. Mmoja akajibu, "Huyu anamwonea huruma tu." Mwingine akauliza, "Sasa mkuu, geji ilisoma ngapi?"

Nikazima simu, nikarudi kuhesabu nondo.

Wenye turbo wakaanza kupeleka magari Mbeya. Siwalaumu, mtu na injini yake. Zeno siku hizi anabadilisha oili na breki pedi. Vifaa vya tuning ameuza.

Mke wangu aliniuliza, "Ungesema kumi na moja ungepungukiwa nini?"

Zeno mwenyewe ndiye aliyenifungia injini nyingine, isiyo na turbo. Geji akaing'oa, tundu lake akaliziba vizuri. Siku ya kuchukua gari nikamfungulia mlango wa kando, nikamwambia twende barabara ya Peramiho.

"Nenda tu, mlongo. Hiyo haina cha kupima."

Akabaki amesimama getini. Msalaba hakupiga.

Nilichojifunza: gari likipimwa juu, lipimwe na chini kabla hujaliamini, tena lipimwe likiwa na rekodi. Geji ifungwe mahali jua haliifikii. Kuhusu kusema ukweli, bado sijui nimejifunza nini.

Pistoni ninayo dukani, picha naweka hapo chini. Mwenye ujuzi aniambie kama tundu lile ni la lean au la petroli mbovu. Jibu likiwa baya kwa Zeno nitampelekea, likiwa zuri nitampelekea mbio.

Naye anasoma humu, ingawa hachangii. Andikeni mkijua hivyo.