Ncha ya Sindano Iliyopotea

Mama Viraka alikuwa mwoga, na hakuna aliyekuwa anamsingizia. Aliogopa mbwa hata wakiwa wamefungwa minyororo. Aliogopa ngazi, aliogopa pikipiki, aliogopa mtungi wa gesi hata ukiwa mtupu. Radi ikinguruma upande wa pili wa mji, yeye alikuwa ameshachomoa waya wa cherehani ukutani na kukaa mbali nao. Wifi yake, aliyeishi nyumba ya nyuma, alisema woga ungekuwa unalipwa mshahara, Mama Viraka angekuwa na ghorofa. Wenyewe walicheka pamoja, kisha Mama Viraka akaenda kuhakikisha tena kwamba mlango umefungwa.

Kitu kimoja hakukiogopa: cherehani. Maisha yake ya kazi aliyamalizia katika kiwanda cha kushona sare, ndani ya ukumbi mrefu wenye taa nyeupe na kelele za kumfanya mtu aongee kwa mikono hata akirudi nyumbani. Alipostaafu alijinunulia cherehani ndogo ya umeme, ya nyumbani, akaiweka chumba cha mbele karibu na dirisha. Hapo ndipo alipoanza kushona mifarishi. Aliunganisha vipande vya nguo zilizochoka mpaka vikawa uso mmoja, akatandaza pamba chini yake na kitambaa laini chini ya pamba, kisha akapitisha mishono juu ya yote hayo ili pamba isije ikakimbilia pembeni. Jina la Mama Viraka lilitoka huko. Jina lake halisi lilibaki kwa watu wa benki.

Cherehani ile aliitunza mpaka watu wakasema. Kila alipomaliza kazi alifungua bamba la chini, akatoa vumbi la pamba kwa kibrashi, akatia tone la mafuta, akaiendesha kidogo juu ya kitambaa kibovu ili mafuta yasije yakachafua kazi ya kesho, halafu akaifunika shuka. Wifi alisema marehemu kaka yake hakuwahi kufunikwa vizuri namna ile.

Kuna tabia nyingine aliyotoka nayo kiwandani. Sindano ikivunjika kule, mstari mzima ulisimama. Hakuna aliyekwenda kula, hakuna aliyekwenda chooni, mpaka vipande vyote vimepatikana na kupangwa mezani, sindano ikaonekana nzima tena. Kipande kikikosekana, nguo yote ilichanwa, hata kama ni nzuri kiasi gani. Wageni wa kazi walinung'unika. Wenye watoto nyumbani hawakunung'unika.

Asubuhi hiyo Mama Viraka alikuwa na furaha, na furaha kwake ilikuwa kitu cha kushika kwa uangalifu. Jana yake jioni alipeleka mfarishi kwa kitinda mimba wake, binti aliyekaa miaka kwenye ndoa akisubiri mtoto, na sasa kajaaliwa msichana, mdogo kama mkate. Mfarishi ulikuwa wa manjano na buluu. Aliushona mbiombio siku za mwisho, maana mtoto alitangulia kuja kabla ya wakati wake. Sasa mjukuu alikuwa ameshalala usiku mzima chini ya kazi ya mikono ya bibi yake. Mama Viraka alikunywa chai akiwaza hilo, akavaa gauni lake la kazi, akafunua cherehani.

Cherehani ikamgomea. Ilikuwa inaruka mishono: inashona vizuri, inaruka, inashona tena, kama mtu anayesoma huku anasinzia. Mama Viraka hakubabaika. Alitoa uzi wote akaupitisha upya, kwa maana nusu ya magonjwa ya cherehani ni uzi uliokosa njia. Ikaruka. Akaitoa bobini ya uzi wa chini, akakuta iko sawa, akairudisha. Ikaruka. Akalegeza kibano cha uzi wa juu, akakaza, akalegeza tena. Akafungua bamba, akasafisha katikati ya meno yanayosukuma kitambaa, akatoa vumbi la kujaza kisoda. Ikaruka vilevile, na safari hii akasikia kila sindano ikiingia kwenye kitambaa inatoa sauti, tup, tup, tup, kama inasukuma badala ya kutoboa.

Akampigia simu Fundi Mafuta. Fundi huyo alitengeneza cherehani za mtaa mzima, na jina lake lilitokana na dawa yake, maana ukimwambia hata mlango umekwama atauliza umeutia mafuta lini.

"Mafuta umetia?" akauliza.

"Nimetia, fundi. Inaruka tu."

"Sindano je, umebadilisha?"

"Sindano nzima hii, sijaivunja."

"Nani kakwambia nzima? Mama yangu, itoe, uipitishe kwenye kucha. Nzima hukwaruza."

Mama Viraka alilegeza skrubu, akaitoa sindano, akaipitisha kwenye kucha ya kidole gumba. Haikukwaruza. Akasogea dirishani, akaivaa miwani, akaiinua kwenye mwanga. Tundu la uzi lilikuwepo. Chini ya tundu, pale sindano inapochongoka, palikuwa pamekatika.

"Fundi, haina ncha."

"Basi iko mahali," alisema Fundi Mafuta, akacheka kidogo. "Ncha haiyeyuki."

Mama Viraka alikata simu bila kuaga. Alikuwa ameshakumbuka. Jana, kwenye kona ya mwisho ya mfarishi, pale mishono minne inapokutana na kitambaa kinakuwa kinene, aliona cherehani inakwenda polepole, naye akauvuta mfarishi kwa nyuma ili kuisaidia. Mtu yeyote anayeshona mifarishi anajua kwamba kitambaa hakivutwi. Unakiacha kiende chenyewe, kwa sababu ukivuta, sindano inapinda na kugonga chuma. Aliwahi kuwafokea wasichana wa kiwandani kwa kosa hilohilo. Lakini jana alikuwa na haraka ya kumwona mjukuu, akavuta, akasikia tak, akadhani ni unene wa mshono. Akaendelea mpaka mwisho wa kona. Akakata uzi, akaifunika cherehani bila kuisafisha wala kuijaribu, akakunja mfarishi, akapeleka.

Aliondoa bamba tena, akamwaga lile vumbi kwenye karatasi nyeupe, akalichambua unyuzi mmoja mmoja. Hamna. Akachukua sumaku anayookotea pini, akapiga magoti, akaipitisha sakafuni chini ya meza, chini ya kiti, kando ya ukuta. Sumaku ikaokota pini mbili na kibanio kimoja cha karatasi. Akapitisha tena palepale, kama kwamba sakafu ingebadili mawazo. Kisha akabaki amepiga magoti, kwa sababu pamebaki mahali pamoja tu, na mahali hapo pamefunikwa juu ya mtoto.

Akampigia binti yake. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alijua kwamba binti ameitoa simu sauti ili isimwamshe mtoto, ila kujua hakukumsaidia. Katika kichwa chake simu ilikuwa haipokelewi kwa sababu wameshakimbilia hospitali. Aliona ncha ikitembea ndani ya pamba, ikitoka upande wa chini. Aliona jicho.

Aliifunga sindano kwenye leso, akatoka. Hakubadili nguo, hakufunga mlango, yeye ambaye hufunga kisha akarudi kujaribu kitasa. Kona ya barabara palikuwa na kijana wa pikipiki. Mama Viraka hakuwahi kupanda pikipiki maishani mwake. Alipanda.

"Mama, punguza kidogo, unanikaba koo," kijana alilalamika kwenye mteremko.

"Wewe endesha!"

Njia nzima alikuwa anaomba kwa sauti, na kijana akadhani ni mwendo unaomtisha, akapunguza, akafokewa. Waliposimama, Mama Viraka aliona kwamba miguuni ana kandambili moja ya buluu na nyingine nyekundu. Akaingia hivyohivyo.

Mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa tu. Bafuni maji yalikuwa yanamwagika na binti yake alikuwa anaimba kwa sauti ndogo. Chumbani, kitandani, mtoto alilala chali, ngumi mbili kando ya kichwa, mfarishi umemfika kidevuni. Mama Viraka alisimama akimtazama kifua. Kilikuwa kinapanda na kushuka. Akaushika mfarishi kwa ncha za vidole, akaufunua polepole kama anayefunua sufuria ya moto, akaudondosha sakafuni mbali. Kisha akamwinua mtoto, akamkumbatia kifuani kwa nguvu za mtu aliyekuwa ameshampoteza.

Mtoto akalia. Hakikuwa kilio cha njaa. Kilikuwa kikali, cha ghafla, na kadiri bibi alivyombana kumbembeleza ndivyo kilivyopanda.

Binti akatoka bafuni amejifunga taulo, maji yanamtiririka. "Mama? Shikamoo. Umeingia saa ngapi? Mbona analia hivyo?"

"Marahaba. Nimekuja... kuna kona moja sikuimalizia vizuri. Nauchukua mfarishi nikaurekebishe."

Uongo ulimtoka wenyewe, tena ulikuwa uongo mzuri. Ungemwezesha kuondoka na mfarishi chini ya kwapa, akauchana kwake kimyakimya, asifokewe, asione macho ya binti yake yakibadilika. Aliogopa macho hayo. Alijua kwamba mama wa mtoto mchanga akishapoteza imani na mtu, hairudishi haraka, hata kama mtu huyo ndiye aliyemzaa. Lakini mtoto alikuwa analia mikononi mwake, na kama ncha imeshatoka kwenye mfarishi, basi iko kwenye nguo za mtoto, au mwilini mwake, na hakuna atakayejua kuitafuta.

"Mwanangu, nimekudanganya," akasema. "Sindano ilikatika ncha nikiwa nashona mfarishi wa mtoto. Sikujua. Nimeijua leo. Nimetafuta nyumba nzima, haipo."

Binti alimwangalia yeye, akaangalia mfarishi sakafuni, akamwangalia tena. "Ina maana iko humo ndani? Kalala nayo usiku kucha?"

"Sijui. Nadhani. Mvue nguo tumwangalie."

Wakamlaza juu ya taulo safi. Kifungo kikamshinda binti, na mama yake kikamshinda zaidi, ikabidi wasaidiane, mmoja anashika, mwingine anafungua. Wakamkagua shingo, makwapa, mapaja, katikati ya vidole vya miguu. Kisha binti akamgeuza uso kwenye mwanga. Shavuni, chini kidogo ya jicho la kushoto, palikuwa na mkwaruzo mwekundu, mwembamba, na mwisho wake kitone cha damu.

"Ni huo mfarishi," alisema Mama Viraka. Akakalia ukingo wa kitanda. "Ni mimi. Nimemkata mtoto."

"Ngoja, mama." Binti alikuwa ameinama juu ya shavu. "Huu mkwaruzo ni wa sasa hivi. Nimetoka kumwosha, nikampaka mafuta uso mzima, hakuwa nao. Nikamlaza chali, nikaingia bafuni. Shavu lake halikugusa mfarishi."

Kisha akainua kichwa taratibu. Hakutazama mfarishi. Alitazama kifua cha mama yake, gauni la kazi lililojaa nyuzi za manjano na za buluu za jana.

"Mama, usijitikise."

Mama Viraka alikaa kama sanamu. Binti alipitisha kiganja juu ya kitambaa, bila kugandamiza, kutoka begani kwenda chini, na kilipofika chini ya kifungo cha pili kikaruka. Akabana pale kwa kucha mbili, akavuta. Kilikuwa kitu kidogo kuliko punje ya mchele, kinang'aa. Jana kilipokatika kiliruka kumrudia mshonaji, kikajichoma kwenye gauni, na gauni likalala usiku kucha msumarini. Asubuhi aliamka akalivaa, akapanda nalo pikipiki, akamkumbatia nalo mjukuu wake.

Wakafungua leso. Ncha ikakaa kwenye sindano pale ilipokatika, haikupungua kitu. Mfarishi haukuwa na kosa lolote.

Mama Viraka hakuona nafuu aliyokuwa ameikimbilia. Aliangalia umbali kutoka kwenye mkwaruzo mpaka kwenye jicho, na umbali huo ulikuwa upana wa kidole chake kidogo. Akaanza kulia, kilio cha mtu mzima asiyejua aelekeze wapi uso.

"Sitamgusa tena," alisema. "Chukua mtoto wako. Mimi niwe nakaa kule mlangoni, namwona, inatosha."

Binti alipangusa shavu la mtoto kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, akamvalisha nguo nyingine, akamweka mtoto begani. Akafungua kabati, akatoa gauni lake, akalikung'uta, akalipitisha kiganja mbele na nyuma, akalirusha kitandani.

"Vua hilo, vaa hili."

Mama Viraka akavaa. Lilimbana mabegani.

"Haya, mpokee."

"Mwanangu, naogopa."

"Hata mimi naogopa, mama. Mpokee, nywele zangu zina sabuni."

Akampokea. Alimshika mbali na mwili wake, mikono imenyooka mbele kama anayebeba beseni la maji, hathubutu kumleta karibu. Binti akaja nyuma yake, akavishika viwiko vyote viwili vya mama yake, akavisukuma ndani taratibu, mpaka mtoto akafika kifuani.