Kipande Kilichokatwa kwenye Wimbo wa Baba

Sebuleni kwetu Ipogolo, siku moja kabla ya sherehe ya kumuaga mdogo wetu wa mwisho, tulikuwa wanne: bibi harusi mwenyewe, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, baba mdogo aliyetoka Iyunga, na mimi, dada yao mkubwa.

Bibi harusi alitaka kesho yake acheze wimbo wa baba, ule wa mapenzi wa kantri ya Kimarekani aliotuachia kwenye kaseti, na acheze na mimi.

"Nafasi ya baba anaichukua mwanaume," alisema baba mdogo. "Na mimi nipo."

"Baba mdogo, aliyeniimbia huo wimbo nikiwa mgongoni ni dada."

Ni kweli. Wazazi walipofariki niliacha shule, yeye akiwa bado wa kubebwa. Kiingereza cha wimbo sikukijua, nilifuatisha sauti tu. Lakini lile gitaa la polepole, na yule mwanaume anayeimba kama anaongea na mtu mmoja jikoni, vilimtuliza hata akiwa na homa. Mpaka leo redio ikiupiga Jumapili, majirani wanaongeza sauti, na watoto waliozaliwa juzi wanauitikia.

Mdogo wangu aliupakua kwenye simu. Tukauimba, mimi na bibi harusi tumeshikana mikono. Baada ya kiitikio cha kwanza sote watatu tukarukia mwisho. Mwimbaji akabaki nyuma na maneno ambayo hata redioni hatukuwahi kuyashika.

Baba mdogo akacheka. "Mnakimbilia wapi?"

Ndipo akatueleza. Redio iliwahi kutafuna mkanda wa kaseti hiyo, mimi sijazaliwa, baba akakata palipoharibika na kuunga kwa selotepu.

"Hapo ndipo alipokuwa anamzungusha mama yenu." Akanyoosha mkono atuonyeshe, goti likamkatalia, akakaa. "Haya, cheza naye wewe, mwanangu. Ila umzungushe."

Kesho yake ukumbini nilianza vizuri. Kilipofika kile kipande miguu iligoma. Tukabaki tumekumbatiana mbele za watu mpaka kikapita.

Sasa yuko Chimala kwa mumewe. Akipiga simu, salamu hazijaisha ananiambia, "Dada, kile kipande bado nakudai."

Namjibu kwamba najua. Huwa nakijaribu jikoni, nimeshika kiti cha plastiki, na bado nakosea mahali pa kugeuka.