Mume wangu alilala vizuri kwa mamake Kitale, kwangu Bungoma pumzi inakatika

Wakuu, hamjambo. Mimi husoma tu hapa na kunyamaza, lakini kuna mtu jana aliuliza juu ya ile mashine ya kusaidia kupumua usingizini. Nitasema yangu vile ilikuwa, siongezi chumvi.

Hii ni miaka ya tisini. Tulikaa Bungoma, mume wangu Baba Nekesa akiwa karani wa serikali. Alikuwa anakoroma mpaka majirani wanajua, halafu pumzi inakata, kimya, kisha anashtuka kama mtu ametolewa majini. Mchana anasinzia hata ukimwongelesha.

Daktari alisema hewa inakatika akilala, oksijeni kwa damu inashuka. Shemeji aliyekuwa ng'ambo akatuma mashine. Nzito kama cherehani, na bomba, na maski ya kufunika pua na mdomo.

Nikadhani tumepona. Wapi.

Kwangu maski ilivuja. Pshhh mpaka asubuhi. Nikikaza mikanda inamkata mashavu na bado inavuja. Ati daktari akiijaribu pale kliniki, haivuji hata kidogo.

Akatupatia kifaa cha kubana kidole, kinapima oksijeni mtu akilala. Kwangu ikashuka vibaya.

Sasa sikieni. Kazi ilikuwa inampeleka Kitale, analala kwa mamake na mashine yake. Huko anaamka mtu mpya. Akabeba kile kifaa cha kidole, oksijeni ikakaa sawa. Na Kitale iko juu kuliko Bungoma, hewa ni nyepesi, ingefaa ishuke zaidi. Daktari mwenyewe alishangaa.

Mama mkwe aliniita kando. "Mama Nekesa, mtoto wangu kwangu analala. Kwako anakufa. Unamfanyia nini?"



Na mimi pia nilikuwa na yangu. Labda halali kwa mamake, nikawaza, labda kuna mwanamke anajua kumfunga hiyo maski kuliko mimi. Nilinusa mashati. Nilipapasa bomba lote nikitafuta tundu.

Mume wangu naye akaanza kungoja nionje chakula kwanza ndio ale, kama namtilia sumu. Hiyo iliniuma kuliko maneno ya mamake, bana.

Mwishowe mama akasema ahamie Kitale kabisa. Nikasema sawa, lakini nitampeleka mwenyewe.

Jumapili baada ya kanisa tulikula kwa mama, akajilaza sebuleni na mashine yake. Nikasimama mlangoni. Haivuji. Mashavu yamejaa, maski imekaa.

Nikaangalia stuli kando yake nione gilasi ya meno. Hakuna gilasi.

Nieleze kidogo. Kabla ya mashine, alisinzia kwa pikipiki barabara ya Chwele, akaanguka, meno ya juu karibu yote yakaenda. Akawekewa ya bandia. Kwangu huyatoa akilala, anayatia kwa gilasi ya maji. Kwa mamake hathubutu, kwa sababu mama alikuwa amemkataza pikipiki, na hiyo ajali hakuwahi kuambiwa.

Nikamwamsha. "Toa meno."

Akatazama upande wa jikoni. Akakataa.

"Baba Nekesa, toa."

Akatoa. Nikamvalisha maski tena. Pshhh. Mashavu yameingia ndani, hewa inatokea kando ya mdomo.

Kugeuka, mama amesimama na birika ya chai. Akaiweka chini. Alimtazama mtoto wake ule mdomo, halafu akaniambia mimi, bila kuniangalia, "Kuna msichana wa Ndalu. Nilikuwa nimeshaongea na wazazi wake juu ya mahari."

Baba Nekesa akajaribu kusema kitu. Bila meno, hakuna aliyemwelewa.

Tukarudi wote Bungoma. Daktari alisema alale na meno, ayasafishe na kuyapumzisha mchana, mpaka tupate maski ya kumfaa. Oksijeni ikakaa juu. Akarudi kula bila kungoja nionje, ingawa hiyo ilichukua muda kuliko oksijeni.

Nilichojifunza: maski ijaribiwe vile mtu hulala kwake kabisa, si vile anakaa mbele ya daktari. Na mkianza kutiliana shaka, kwanza mwulize mgonjwa ni nini anaficha.

Wenye mko na hizi mashine, zenu zilivujia wapi? Na mama mkwe alisema nini?