Homa Huwaka kwa Kuni Gani

Mama mkwe wangu alizoea kuwaambia majirani wa Katonga, kijiji chetu cha wavuvi kando ya ziwa, kwamba mwanawe hakuoa mke, ameoa polisi. Sikukasirika, maana ni kweli nilikuwa mtu wa kuuliza. Kwa nini mawese huganda asubuhi yenye baridi na mafuta ya karanga hayagandi? Kwa nini dagaa huyu ananuka na yule hanuki, na wote wameanikwa kwenye mchanga mmoja? Nilimwambia kuuliza si ujinga. Akanijibu kuwa si kazi pia, nikachote maji.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, redio ya jirani ikituhimiza kutwa nzima tulime, tusome, tuchemshe maji. Surua ikapita mwambao wote, ikamkuta binti yangu wa kwanza, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Mume wangu alikuwa kambi ya wavuvi huko kaskazini, kupita kijiji cha Mwamgongo. Nyumba ikabaki na wanawake wawili na mtoto anayechemka.

Surua kwetu ilikuwa na sheria zake. Mtoto alilazwa chumba chenye giza, akapakwa mawese mwili mzima ili upele utoke wote nje. Lakini mawese yalikuwa ya kupaka tu. Mdomoni hayakuingia, wala samaki, wala chumvi. Alipewa maji ya uji wa muhogo, mepesi kiasi cha kuona chini ya kikombe. Ukimpa dagaa, walisema, upele unarudi ndani na kumshika moyo. Haya yalifanyika mahali ambapo dagaa walitandazwa hadi mlangoni, tukiwaruka kwenda chooni.

Mama mkwe hakuwa mkatili. Alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa msichana, akazalia watoto wake hapa, na wawili kati yao aliwazika kwa surua. Ndiyo maana mwiko ule aliushika kwa mikono miwili. Mganga msaidizi wa zahanati alipompa mtoto dawa ya macho na kusema alishwe vizuri, mama mkwe alinicheka njia nzima ya kurudi. Yule ni mtu wa Dodoma, alisema, atajua nini surua ya ziwani?

Nilikaa na mtoto mchana kutwa, kiganja changu kifuani pake. Kifua kiliwaka. Ndipo swali likanijia, na safari hii halikuwa la kuchekesha: mtoto huyu hali, je, joto hili linatoka wapi? Jiko lisilo na kuni halichemshi chungu. Nikafunua kanga nikatazama mapaja yake, yaliyokuwa manene wiki iliyotangulia, na ngozi ilikuwa imelegea. Niliogopa sana, kwa sababu nilihisi nimeziona kuni zenyewe.

“Mama,” nilisema, “wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji.”

“Huyo ni mgonjwa mwingine. Huyu ana surua.”

“Joto linakula nini, mama, kama yeye hali?”

“Polisi,” alisema, lakini hakucheka.

Asubuhi iliyofuata alikuja kumpaka kama kawaida. Alipomaliza mikono yote miwili, mtoto aliuinua wa kulia polepole, akaupeleka mdomoni, akaulamba kuanzia kiwiko hadi vidoleni, macho yamefumbwa. Kisha akageukia wa kushoto. Mama mkwe alisimamisha kazi, kiganja chake kimejaa mawese. Alikitazama kile kiganja, akakisogeza mdomoni mwa mjukuu wake, naye akakilamba kikawa safi.

Alitoka bila kuniangalia. Punde nikasikia kinu jikoni. Alirudi na uji mzito wenye dagaa waliotwangwa, mawese na chumvi, akauonja yeye kwanza, labda ili kama kuna ubaya uanzie kwake, halafu akamlisha kidogo kidogo.

Mtoto alipona. Sitasema ni uji peke yake, maana wapo waliopona bila uji. Lakini swali langu halikupona. Nilikwenda nalo chuo cha ualimu, na huko mkufunzi wa biolojia akaniambia nilikuwa nimeuliza sawasawa. Chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili, zikitulia hula kidogo na kuchoma polepole. Zikimtambua adui hubadilika hata namna ya kula: humeza sukari kwa pupa na kuichoma ovyo ovyo, kwa sababu hazitaki nguvu tu, zinataka na vitu vya kujengea wenzao, maana moja inapaswa kuwa maelfu. Chakula kikikosekana, mwili huvunja nyama yake wenyewe. Na ile tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambamo baadhi ya walinzi hao hukulia, hunywea mtoto akishinda njaa. Mengine nimeyasoma uzeeni, likiwemo hili lililonishangaza: mwili wenyewe huzima hamu ya kula ugonjwa unapoanza, na wataalamu bado wanabishana kwa nini. Kwa hiyo wazee wetu hawakuuota mwiko wao usingizini.

Likizo ilipofika nilimweleza mama mkwe, nikiwa na furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta. Tulikuwa uani tunachambua dagaa. Alisikiliza hadi mwisho bila kuniita polisi.

“Kwa hiyo homa ni vita,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Na askari wakikosa chakula, wanamla mtoto.”

Hapo ndipo nilipoona nilikokuwa nimempeleka, na njia ya kurudi haikuwepo. Nikasema ndiyo.

“Wangu walichemka mpaka asubuhi ya mwisho,” alisema. “Miaka yote hii nilijua Mungu amewaita, nao wameitika. Kumbe walikuwa wanapigana.”

Aliendelea kutenga mchanga na dagaa, vidole havikukosea hata kimoja, kisha akasema kwa sauti ile ile ya kila siku: “Na chungu cha uji kilikuwa mkononi mwangu.”

Nilimshika mkono. Niliyelia ni mimi.