Sweta Kwenye Mkanda wa Tanuru

Mwanangu tulimzika mwaka juzi. Juzi Jumanne nikaiona sweta yake inanijia kwenye mkanda, inaelekea tanuruni.

Msinicheke. Nawasimulia kama yalivyonikuta.

Nafanya kazi kiwanda cha saruji. Zamani tulichoma makaa ya mawe tu. Siku hizi wamefunga mitambo mipya, tanuru linakula pumba, matairi na takataka za mjini. Sisi akina mama tunasimama kwenye mkanda, tunatoa chuma, chupa na betri. Vingine vyote ni vya moto.

Basi ikaja sweta ya bluu, kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa kijani.

Mshono wangu ule! Siku ile uzi wa bluu uliniishia.

Nikavuta kamba ya dharura. Mkanda ukasimama.

"Nani kazima?" Mkuu wa zamu, tunamwita Honi, akaja mbio. "Mama, tanuru likipoa utalipasha wewe?"

"Ni ya marehemu mwanangu."

Honi, na mdomo wote ule, akageukia ukutani.

"Ichukue. Mimi sijaona kitu."

Nyumbani nilimvaa mume wangu palepale mlangoni. Sweta niliifungia sandukuni kwa mkono wangu, nani mwingine angeitoa? Mwanaume mwenyewe hakudondosha chozi tangu msiba.

"Umemtupa mwanangu jalalani!"

Akalivuta sanduku uvunguni, akafungua.

Sweta ya mwanetu ilikuwemo, imekunjwa, kiwiko cha kijani juu.

"Huwa naitoa ukiwa zamu," akasema. Akalia kama mtoto.

Sasa hii niliyoshika ni ya nani?

Ndipo nikakumbuka. Walichana sweta zao za shule siku moja, mwanangu na rafiki yake, mtoto wa jirani, wakiruka uzio. Niliwashonea wote kwa uzi uleule.

Nikampelekea jirani. Akacheka, masikini, hakujua nimetoka wapi.

"Hiyo si niliitupa, dada! Haimtoshi tena. Huyu anarefuka mpaka anatutia hasara!"

Kijana akatokea, kichwa kinakaribia kugusa mlango. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nililia njia nzima. Mwenzake amekua. Wangu, sweta yake ingali inamtosha.

Wewe unayenung'unika kwamba nguo za mwanao hazidumu, kila mara zinambana, nakuomba sana. Nunua nyingine, na ushukuru.