Mbuzi wa Wagonjwa wa Gatuanyaga

Nakumbuka Jumamosi moja kule Gatuanyaga, mwanangu, visu vikiwa vimeshanolewa. Serikali ilikuwa imetangaza bima mpya ya afya kwa kila raia, na mwenyekiti wa kundi letu la majirani, Njoroge mchonga mawe, alitaka tuwachinje mbuzi wa wagonjwa tuachane na mambo ya kizamani.

Desturi ya mbuzi hao ilianzishwa na mama zetu. Kila boma hufuga mmoja. Maziwa ni yako, lakini mbuzi ni wa kundi. Jirani akilazwa hospitalini, mbuzi anauzwa sokoni siku hiyo hiyo kulipia matibabu.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Doha na diploma ya mitambo ya baridi, niliyoisoma usiku huku mchana nafanya kazi. Sikubebwa na mtu. Nilianza na friji moja mbovu pale Kiuu, na leo nimeajiri vijana wanaolisha familia zao. Kwa hivyo nilisimama nikasema: serikali inayozidi kumkata kodi anayezalisha ili iahidi kila mtu kila kitu, mwishowe humnyima kijana kazi na kumwachia mgonjwa foleni. Pesa za bima wakate, sheria ni sheria, lakini mbuzi wabaki. Usiache mbachao kwa msala upitao.

"Kaa chini, wa Doha," Njoroge akanijibu. "Diploma yako ni ya mafriji, si ya hospitali."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, maana friji ndiyo iliyonijengea nyumba. Lakini wengi walichinja. Tuliobakisha wetu tulikuwa wachache.

Haukupita muda mrefu, Njoroge akashikwa na tumbo machimboni. Alikimbizwa hospitali moja ya Thika. Utumbo ulikuwa umejisokota, na daktari alisema asipopasuliwa kabla ya usiku hatauona mwingine. Michango yake ya bima ilikuwa imelipwa yote. Tatizo lilikuwa kidole. Mashine ya bima ilitaka alama ya kidole gumba, na vidole vya Njoroge vimesuguliwa na mawe hadi vikawa laini kama mgongo wa kijiko. Wakampangusa, wakajaribu kidole kingine, na kingine. Mashine ikakataa kumtambua. Karani akasema bila mashine ni pesa taslimu.

Mkewe, Wairimu, alinipigia simu. Hakulia. Aliniuliza tu kama mbuzi wangu bado yupo.

Sisi tuliobakisha tulikutana kwangu. Nekesa, jirani yangu aliyehamia huku kutoka Bungoma, alishika kamba ya mbuzi wake asiiachilie.

"Alikula wake, akanywa na supu," akasema. "Sasa ale na wangu?"

Moyoni mwangu, maneno yalikuwa hayo hayo. Mama yangu, aliyekuwa kando akichambua maharagwe, hata hakuinua macho.

"Mgonjwa haulizwi alipiga kura gani," akasema. "Pelekeni mbuzi, jua linashuka."

Nekesa akaiachilia kamba. Sokoni mnunuzi aliiona haraka yetu akatubana bei, tukakubali. Njoroge alipasuliwa jioni ile. Nilipoenda kumwona wodini, aliinua mkono kunizuia.

"Usianze," akasema.

Sikuanza.

Mwanangu, lipa kile sheria inachokudai, na kura upige. Lakini kiongozi akikuahidi kukubebea kila mzigo, muulize ataubeba kwa mgongo wa nani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na serikali ni ndugu wa mbali mno. Fanya kazi, jiwekee akiba, na usivunje kundi la majirani kwa sababu ya tangazo la redio. Na ukithibitika kuwa ulisema kweli, kwanza msaidie aliyekucheka. Kweli yako itangoja.

Nenda salama. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akuinue ukiugua, na asikukoseshe mlango wa kubisha hodi.